Lenzi Iliyovuta Mpaka Kongo

Juzi mjukuu wangu Shamimu aliniwekea simu puani. "Shikamoo Bibi, hebu cheki hii." Nikaitikia marahaba huku napapasa miwani. Ndani ya simu kulikuwa na kamera ya mtumba inauzwa, na mbele yake lenzi ndefu kama mchi. Anataka kuinunua kwa akiba yake yote ya kuuza sambusa, aanze kupiga picha za harusi. "Inavuta mpaka Kongo, Bibi! Ni noma."

Nikamrudishia simu yake palepale. Maneno hayohayo niliyasikia miaka ya wakimbizi kwa muuza duka mmoja wa Kigoma mjini, nikayaamini, na kuna mtoto aliyeteseka kwa sababu niliyaamini. Shamimu hajui. Nyinyi wenzake mnaokuja barazani kwangu Kasingirima kuuliza mnunue kamera gani hamjui pia, maana sijawahi kukisimulia kisa chote. Leo kaeni. Kahawa ipo. Na msiniharakishe, mimi kisa sikianzii mwanzoni.

Kazi nilijifunza kwa Mzee Sudi, aliyekuwa na studio mtaani kwetu hapa Ujiji. Mtu mfupi, mkali, kanzu yake ina madoa ya dawa za kusafishia picha, na mkewe alikataa katakata kuifua pamoja na nguo nyingine. Studio ilikuwa na pazia lililochorwa ndege inaruka, kitana kilichofungwa kamba ukutani kisiibwe, kopo la poda, na koti moja la buluu. Koti lile lilivaliwa na Ujiji nzima. Mvuvi anaingia ananuka dagaa, anapakwa poda, anachanwa, anavalishwa koti, na kwenye picha anatoka kama karani wa benki. Mzee Sudi alisema mteja hakutoka kwake kuja kulipia sura ya shida zake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na mimi niliishika kama nilivyoishika sala.

Harusi ya kwanza aliyonituma peke yangu ilikuwa Buzebazeba. Nikapiga picha ya thelathini na sita, ya mwisho ya mkanda, nikapiga ya thelathini na saba, nikasema moyoni, leo mkanda una baraka. Nilipofika arobaini jasho likaanza kunitoka. Mkanda haukuwa na baraka yoyote, jamani, ulikuwa haujashika. Umejilalia ndani ya kopo lake, na mimi huku nje navuta hewa. Bibi harusi alinitabasamia mara arobaini na hakuna hata moja iliyobaki.

Mzee Sudi hakunifukuza. Alinishika kidole akakiweka juu ya kamera, upande wa kushoto, penye kile kidude cha kurudishia mkanda. "Kila ukivuta mkanda kwa mkono wa kulia, tazama hiki cha kushoto. Kikizunguka, mkanda unatembea. Kisipozunguka, Mwajuma, unawadanganya watu." Tangu siku ile nikawa nakiogopa kidude kile kuliko mama mkwe. Nyinyi wa simu hamna kidude, mnaiona picha hapohapo. Mnalala usingizi ambao sisi hatukuwahi kuulala.

Sasa, kamera zote zilikuwa za Mzee Sudi, na alipoanza kuugua wanawe wakawa wanazitolea macho. Nilihitaji ya kwangu. Nilikuwa na vipuli vya dhahabu vya marehemu mama na cherehani niliyoshonea magagulo ya watu. Na ndipo ikaja kazi. Watu walikuwa wanamiminika miaka ile, Warundi kwa miguu, Wakongo kwa maboti, na katika kukimbia watoto wengi walipotezana na wazazi. Shirika moja la misaada liliwakusanya kwenye banda la bati nje kidogo ya mji. Wakatafuta mpiga picha awapige watoto wale, picha zibandikwe kwenye mbao za matangazo huko makambini, wazazi wakipita wawatambue. Dada Agripina, Muha wa Kasulu aliyesimamia banda, aliniambia neno moja tu: "Uje na kamera yako, Mama Picha. Jumatatu."

Jumatatu ilikuwa imebaki wiki moja. Sikulala vizuri wiki ile.

Siku ya pili akaja studio mwanamume mwembamba, Mrundi, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. "Amahoro, Mama." Akajitaja, Mwalimu Aniseti. Mkononi kopo la maziwa ya unga. Akalifungua, mkawa na mchele mkavu uliokaangwa, na katikati ya mchele kamera. Ngozi imebanduka, pembe moja imebonyea. Kwao alikuwa akiwapiga wanafunzi wake kila mwaka, akakimbia na kopo lile, mkewe na watoto wawili. Mchele, akaniambia, unanyonya unyevu, lenzi isiote ukungu. Lenzi yenyewe ilikuwa moja tu, fupi, ile ya milimita hamsini.

Nikaigeuza. Nikamuuliza, "Hii inavuta?"

"Haivuti, Mama. Utasogea wewe."

Nikamcheka. Astaghfirullah, nilimcheka mtu mzima mwenye njaa. Bado akanionyesha, kwa upole uleule wa ubaoni. Akanifungulia mgongo wa kamera, akaielekeza angani, akabonyeza: nikaona tundu linafunguka na kujifunga, safi, kwa kasi zote. Akawasha tochi akaipitisha nyuma ya lenzi: kioo cheupe, hakuna utando. Akanionyesha jinsi lenzi ile inavyofunguka tundu kubwa, inakunywa mwanga hata ndani ya nyumba. Yote aliyonionyesha ndiyo ninayowafundisha nyinyi leo. Siku ile nilisikia kwa sikio moja, nikamwambia nitafikiria.

Kesho yake nikaenda Kigoma mjini. Muuza duka akanitolea kamera nyeusi inang'aa, na lenzi ya kuvuta, ndefu, nzito. Akaniweka mlangoni nikachungulia. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ikanijia usoni. "Unaona? Inavuta mpaka Kongo!" Nikaona. Nilichoona zaidi, niwaambie ukweli, ni mimi mwenyewe nikiingia bandani na mchi ule shingoni, mwanamke, wazungu wa shirika wananitazama. Sikuomba tochi. Sikufungua mgongo. Vipuli vya mama vikaishia pale.

Jumatatu nikaenda na kamera, flashi, kopo la poda, kitana na koti la buluu. Ndiyo, koti. Sikujiuliza mara mbili. Watoto walikuwa wamechakaa, vumbi hadi kwenye kope, na mimi nikaona ninawatendea heshima. Nikawaosha, nikawapaka poda, nikawachana, nikawavalisha koti mmoja baada ya mwingine, mikono nimeikunja.

Tabu ikaanza nilipoinua lenzi. Mtoto wa kwanza akaangua kilio. Wa pili akaingia chini ya benchi. Nikashangaa, mpaka mvulana mmoja aliponyoosha kidole kwenye mchi wangu akasema neno nililolielewa, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana: bunduki. Hata hapo sikutia akilini. Nilichofanya ni kurudi nyuma zaidi, na kwa kweli lenzi yenyewe ilinilazimisha, haikukubali mtu wa karibu. Ndani ya banda palikuwa giza na kioo kile kilikuwa cha giza vilevile, kwa hiyo nikawasha flashi. Pwaa! Pwaa! Poda na flashi, jamani. Mtoto anasimama kakakamaa, macho yamemtoka, uso mweupe kama sahani.

Miongoni mwao alikuwamo Ineza. Umri wake nakadiria minne. Nilimuuliza, "Witwa nde?" akataja jina lake, Ineza, basi. Mama yake anaitwa nani? Mama. Kwao wapi? Nyumbani. Kigauni chake kilikuwa kimeshonwa kwa kipande cha kitenge cha njano chenye mapambo ya majani, kimechanika begani. Nikakivua na kumvalisha koti.

Picha nilizisafisha mwenyewe, nyeusi na nyeupe, nikaziona nzuri. Dada Agripina akazipeleka makambini. Wiki zikapita. Watoto wakubwa walioweza kutaja majina na vijiji wakapata watu wao, mmoja mmoja. Wadogo hawakupata. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi, nikaukanya. Nikasema labda wazazi wamekufa. Tazameni mtu anavyoweza kujituliza.

Halafu siku moja nikapewa lifti ya lori la shirika kupeleka nakala kambini. Mbele ya ubao walikuwa wamesimama watu, wanatazama picha zangu. Nikajisogeza nisikie sifa. Mzee mmoja akanigeukia, kwa adabu, akaniuliza, "Mama, hawa ni watoto wa shule gani?"

Nikatazama ubao kwa macho yake. Koti moja, sura moja, weupe mmoja. Kovu hakuna, vumbi hakuna, nguo waliyokimbia nayo hakuna. Wale watu walikuwa wanatafuta watoto wao, na mimi niliwawekea darasa la watoto wa matajiri. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Niliporudi bandani Dada Agripina akanipa habari ya pili. Watoto ambao hawajatambuliwa watahamishwa mvua zikikata, waende mbali, kwenye familia za kuwalea. "Ineza naye?" nikauliza.

"Ineza naye, Mama Picha. Ana kikohozi, na ameanza kumwita mpishi wetu mama."

Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta Mwalimu Aniseti. Wallahi nilitafuta kama mtu aliyeangusha mtoto wake mwenyewe. Niliuliza sokoni, niliuliza msikitini kwa watu wanaotoa sadaka, niliuliza kanisani maana Warundi wengi walisali huko. Kila niliyemuuliza aliniambia labda keshaiuza. Nikimwona mtu na kamera barabarani, moyo unaniruka. Siku ya sita nikamkuta ufukweni, anabeba magunia ya dagaa kutoka kwenye maboti, shati limefungwa vifungo vyote.

"Mwalimu, ile kamera ipo?"

"Ipo, Mama. Kila mtu anauliza kama inavuta."

Nilitamani ziwa linimeze. Fedha sikuwa nayo. Nikamwambia nina cherehani. Akasema mke wake anajua kushona, na kambini hakuna cherehani. Tukaibeba wawili mpaka kwenye gari la kuelekea kambini, naye akaniachia kopo na mchele wake. Kamera yangu nyeusi nilimrudishia muuza duka, akakataa hata kuigusa. Ninayo mpaka leo. Shamimu, niletee tochi, mulika ndani ya hii lenzi. Unaona vile vinyuzi vimesambaa kama mizizi? Huo ni ukungu. Unyevu wa ziwa hili hauna huruma, na lenzi ya mtumba ikitoka kabatini kwa mtu wa Kigoma, mulika kabla hujatoa hata shilingi.

Nikarudi bandani asubuhi, mvua zikiwa ukingoni. Safari hii sikuleta poda. Koti nililitia kwenye mkoba kwa mazoea tu, na mazoea yale ndiyo yaliyoniokoa. Nikamkalisha kila mtoto kizingitini, uso nje kwenye mwanga, giza nyuma yake. Mimi nikakaa chini, karibu, magoti yakigusana na ya mtoto. Lenzi fupi haimtishi mtu. Nguo zao hivyohivyo, vumbi hivyohivyo. Nilikuwa na mkanda mmoja tu, na lori la kuwachukua lingekuja wiki hiyohiyo.

Nikapiga mtoto wa kwanza, wa pili, wa tano. Nikapiga wa kumi na mmoja. Akakaa Ineza, kigauni cha njano kimechanika begani, kikombe cha bati mkononi, amekasirika. Nikavuta mkanda, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile macho yangu yakaenda kushoto.

Kidude kimesimama.

Nikavuta tena. Kimesimama. Mimi, Mama Picha wa Ujiji, mwenye kukiogopa kidude kile kuliko mama mkwe, nilikuwa nimetishika hata nikasahau kukitazama. Watoto kumi na mmoja, hewa tupu! Na kama mkanda umekatika ndani? Kuifungua kamera juani ningeuchoma wote, na chumba cha giza kilikuwa Ujiji, saa nzima kwa miguu.

Nikakumbuka koti. Nikaingiza kamera ndani ya koti, nikafunga vifungo vyote, nikazungushia kanga yangu shingoni na chini pasipite mwanga, halafu nikaingiza mikono kwenye mikono ya koti kinyume, kuanzia kwenye ncha zake. Nikafungua kamera kwa kupapasa. Ncha ya mkanda ilikuwa imechomoka, haijakatika. Nikawa naitafutia tundu lake kwa vidole, macho nimefumba, midomo inasoma dua, na koti linafurukuta mapajani kama kuna kuku ndani.

Nikasikia kicheko.

Nilipofumbua macho, Ineza alikuwa ananicheka mimi na kuku wangu. Alicheka mpaka mabega yakamtikisika, pengo la mbele wazi, kikombe kimemponyoka. Miezi yote ile sikuwahi kumwona hata akitabasamu. Nikafunga kamera ndani, nikaichomoa, nikavuta mkanda. Kidude kikazunguka. Nikabonyeza akiwa bado anacheka. Halafu nikawarudia wale kumi na mmoja, na kila picha nikitazama kushoto mpaka shingo ikaniuma.

Picha zikaenda makambini. Dada Agripina alipigania watoto wale wabaki wiki mbili zaidi. Wiki ya kwanza hapakuja mtu. Nilikuwa siwezi kula. Lori likipita barabarani naacha mteja ameketi nakwenda kuchungulia. Mzee Sudi, naye yu kitandani, akaniambia nitulie, kazi nimeifanya. Nikamjibu kwamba kazi niliifanya na mara ya kwanza.

Wiki ya pili, alasiri, pazia la mlango wa studio likafunguliwa. Akaingia Dada Agripina, na nyuma yake mwanamke mgeni, mrefu, amekonda, amembeba mtoto mgongoni ingawa mtoto yule alishakua wa kutembea. Kitenge alichombebea kilikuwa cha njano, chenye mapambo ya majani.

Dada Agripina akasema, "Mama Picha, huyu ni Mama Ineza. Kesho wanarudi kambini. Ameomba akuone."

Mama yule akanipa mkono kwa mikono miwili. Akanieleza taratibu, Kirundi na Kiswahili pamoja. Aliona kitenge kwanza, kipande alichokikata kwenye cha kwake. Kisha akaona kicheko. Akapiga kelele pale ubaoni, "Umwana wanje!" yaani mwanangu, mpaka watu wakadhani amepatwa na wazimu.

Ningenyamaza hapo, nipokee shukrani. Lakini nilimuuliza, kwa sababu lisingeniacha nilale. "Ile picha ya kwanza, uliiona?"

Akaangalia chini. "Niliiona. Nilipita mbele yake mara nne. Nikasema, huyu mtoto amevaa vizuri, ana watu wake. Nikamwombea aliyempoteza."

Nililia, sifichi. Miezi yote ile alipita mbele ya mwanawe, mara nne, na mimi ndiye niliyesimama katikati yao na lenzi yangu ya kuvuta mpaka Kongo. Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Alimshusha Ineza chini, akaangalia pazia la ndege, akaangalia kitana kwenye kamba.

"Mama," akasema, "mimi na yeye hatuna picha. Tupige. Na ile poda iko wapi? Na koti?"

"Koti?"

"Koti. Sasa nimeshampata, avae."

Basi nikampaka Ineza poda, mama akajipaka mwenyewe. Nikamchana mtoto. Nikamvalisha koti la buluu nikakunja mikono, na yeye akawa anachungulia ndani ya koti, anamtafuta kuku. Nikawasimamisha mbele ya ndege. Nikainua kamera ya Mwalimu Aniseti, nikasogea mimi, karibu, mpaka nikawaona wawili wamejaa kwenye kioo, na nikavuta mkanda nikitazama kushoto, roho juu, nikisubiri.

Kikazunguka.